Godoro la Makapi ya Pareto

Chelagat hakuja Bahati, karibu na Nakuru, kutafuta utajiri, na kama alikuja kuutafuta, basi ulimpita mbali. Alikuja mwaka wa hamsini na tatu nyuma ya mume wake Kipkemei, mtoto wa kiume mgongoni, na kichwani amejitwika ngozi ya ng'ombe aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa. Huko kwao, kwenye vilima vya Tugen, kila mtu alilalia ngozi. Hiyo yake ilikuwa imekwanguliwa manyoya na kupakwa mafuta mpaka ikawa laini kama nguo kuukuu, na aliipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

Zilikuwa siku za Hali ya Hatari. Wakikuyu waliofanya kazi kwenye shamba la mzungu huko Bahati walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kurudishwa kwao kwa nguvu, na pareto ilichanua bila wachumaji. Ndipo wakatafutwa watu wa milimani kuja kuziba pengo. Nyumba waliyopewa Kipkemei na mkewe kwenye laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, ilikuwa bado na majivu ya wenyewe jikoni, na kikombe cha bati kimesahauliwa juu ya rafu. Chelagat alikiosha kikombe kile, lakini hakuwahi kukinywea.

Mtoto wao, Kipkemboi, hakuumaliza mwaka. Nyumba zile zilijaa papasi, wale wadudu wanaojificha kwenye nyufa za sakafu na kutoka kunyonya damu ya mtu aliyelala. Homa yao ni ya hila. Humshika mtoto, ikamwacha, mama akashukuru Mungu, kisha ikamrudia na hasira zake zote. Ilimrudia Kipkemboi mara mbili, na mara ya pili haikumwachia. Wakamzika kando ya uzio, mahali bwana mwenye shamba alipowaruhusu wafanyakazi kuzika watu wao.

Jirani wa mlango wa pili aliitwa Wangui. Yeye alikuwa mmoja wa Wakikuyu wachache walioachwa, kwa kuwa mumewe alikuwa mpishi wa nyumba kubwa na memsabu hakutaka kufundisha mpishi mwingine. Alikuja kuhani, akakaa, akanywa uji, akaiangalia ile ngozi iliyotandikwa chini kisha akatikisa kichwa. Akamwambia Chelagat, bila kumficha, kwamba kumlaza mtoto juu ya ngozi kwenye sakafu ile ni kuwaandalia papasi karamu. Watu wa laini yote hawalali hivyo. Wanalalia makapi.

Makapi yenyewe yalikuwa ya pareto. Ua hilo jeupe lenye moyo wa manjano halina mchezo na wadudu, na ndiyo maana wazungu waliling'ang'ania. Wanawake walilichuma kwa vikapu, wanaume wakalikausha kwenye trei za waya juu ya moto, na yale yaliyobaki chini ya trei, vumbi na vikonyo na maua yaliyosagika, ndiyo makapi. Ukiyajaza kwenye magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, unapata godoro. Kiroboto hakanyagi, kunguni hakanyagi, papasi ndio kabisa. Wangui alisema watoto wake wote wamelelewa juu ya godoro la namna hiyo, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa homa.

Ubaya ni kwamba makapi yalikatazwa. Bwana aliamini watu wanaficha maua mazima ndani yake, kwa hiyo akaamuru yote yamwagwe shimoni, na atakayekutwa nayo afungashe virago siku hiyo hiyo. Aliyesimamia amri hiyo alikuwa nyapara Thuo. Huyu Thuo alizaliwa hapo hapo shambani, hakuwa na kwao kwingine, na baada ya kuona ndugu zake wakipandishwa malori alikuwa na hofu kubwa ya kufukuzwa. Hofu hiyo ilimfanya awe mkali kuliko bwana mwenyewe. Alipekua vikapu, akapekua koti, akapekua hata shuka la mtoto.

Lakini Kipkemei alifanya kazi ya kuchochea moto kwenye nyumba ya kukaushia, na mtu anayeshinda na kitu kutwa nzima hakosi njia. Alitoa makapi kidogo kidogo ndani ya bitana la koti lake mpaka godoro likajaa. Chelagat aliikunja ngozi ya mama yake, akaipachika juu ya boriti, na hakuigusa tena. Jepkoech alipozaliwa mwaka uliofuata, alilazwa juu ya makapi siku ya kwanza ya maisha yake. Mama yake alikuwa akiamka na kumkagua mwili mzima, kwapani, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio. Hakuona hata alama moja ya papasi. Alimshukuru Wangui mpaka machozi yakamlengalenga.

Kwa hiyo usimcheke mwanamke huyu. Mtu aliyezika mtoto kwa sababu ya wadudu humwamini yeyote atakayemwondolea wadudu.

Kifua cha Jepkoech kilianza akiwa na umri wa kutembea. Mwanzo ilikuwa chafya na macho kuwasha, watu wakasema ni baridi ya Bahati. Kisha ikaja filimbi, sauti nyembamba ndani ya kifua kila anapotoa pumzi. Baadaye alikuwa akikaa godoroni mikono kwenye magoti, mabega yamepanda juu, anavuta hewa kama anainyang'anya kwa mtu. Chelagat alimpaka mafuta ya kondoo, akamnywesha supu ya mizizi, akampeleka kuombewa. Hakuna kilichosaidia. Na hakuwa peke yake, kwani kwenye laini ile watoto wengi walikuwa na vifua, hata Nyokabi, kitinda mimba wa Wangui, alikohoa tangu asubuhi mpaka jioni.

Mwaka wa hamsini na nane daktari mmoja wa kizungu akaanza kuja kila Alhamisi kutoka Nakuru mjini. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kuvua kofia akiongea na akina mama, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona. Alitaka kujua ni kitu gani kinachowaziba pumzi watoto wa mashamba ya pareto. Alitumia zahanati ya shamba, kijumba cha bati kilichosimamiwa na dresa wetu, mfunga vidonda na mchoma sindano, Dalmas Khaemba, mtu wa kutoka Kimilili, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wake.

Siku ya kwanza alichora mikwaruzo midogo kwenye mkono wa kila mtoto, akadondoshea kila mkwaruzo tone lake: tone la vumbi la nyumba, tone la manyoya ya paka, tone la unga wa mahindi, tone la pareto. Kisha akangoja. Mikono ya watoto wengi ilivimba kidogo mahali pa pareto. Mkono wa Jepkoech ulivimba uvimbe mkubwa kama kifungo cha koti, mwekundu, na mtoto akalia kwa muwasho. Daktari aliuinamia mkono ule kwa muda. Akasema, kwa kinywa cha Dalmas, kwamba ugonjwa wa mtoto huyu ni pumu, na kwamba mwili wake na pareto havipatani kabisa. Akasema pia kwamba mtoto huyu ndiye atakayemfuatilia kwa makini kuliko wote.

Halafu akauliza swali. Alimuuliza kila mama kwa zamu, na zamu ya Chelagat ilipofika Dalmas alilitamka vizuri, taratibu, ili asikosee.

"Ndani ya nyumba yako mna pareto yoyote?"

Nyapara Thuo alikuwa amesimama mlangoni. Alitumwa na bwana kuangalia kwamba wanawake hawapotezi saa za kazi, na alikuwa ameegemea mwimo, fimbo chini ya kwapa, anasikiliza. Chelagat alimwona kwa pembe ya jicho. Aliwaza mume wake akitupiwa virago barabarani, kule kwao mvua ilikuwa imegoma miaka miwili, na mtoto mwenye kifua kile akilala nje. Mbele yake Wangui alikuwa ameshajibu hapana. Wote walikuwa wamejibu hapana.

"Hapana," akasema.

Daktari akashukuru. Aliwagawa watoto mafungu mawili. Fungu la kwanza wangeendelea kwenda shambani migongoni mwa mama zao kama kawaida. Fungu la pili wasikaribie pareto hata kidogo, wakae nyumbani, mlango umefungwa, mpaka mavuno yaishe. Baada ya hapo angelinganisha vifua vyao. Jepkoech aliwekwa fungu la pili, na Nyokabi pia.

Jioni ile Kipkemei aliuliza kama godoro nalo si pareto. Hakuwa mtu wa maneno mengi, aliuliza mara moja tu. Chelagat alikuwa ameshalifikiria jambo hilo njia nzima. Alimjibu kwamba kilichomdhuru mtoto ni maua mabichi yenye unga wa manjano unaopeperuka, hayo ya huko nje. Makapi ni takataka iliyokaangwa na moto ikafa, nguvu yake inatosha kiroboto tu. Na hata kama si hivyo, wamlaze wapi? Kwenye ngozi, chini, amfuate kaka yake? Kipkemei alitazama nje. Kaburi la Kipkemboi lilionekana kutoka mlangoni.

Tena akafanya jambo moja zaidi, masikini, kwa mapenzi. Kwa kuwa sasa mtoto angeshinda amelala ndani kutwa nzima, aliona godoro limelala, limekuwa gumu. Akamwomba mumewe alete makapi mapya. Kipkemei akaleta. Chelagat alifumua mshono, akamwaga ya zamani, akajaza mapya mpaka godoro likafura, akalishona vizuri kwa uzi wa gunia. Kila alfajiri alimlaza Jepkoech juu yake, akamwachia kibuyu cha maziwa, akafunga mlango na dirisha kama alivyoagizwa, kisha akaenda kuchuma. Akirudi alivua nguo za kazi nje na kunawa mpaka nywele kabla hajamgusa. Daktari mwenyewe alimsifu mbele ya wenzake. Alisema hajaona mama anayeshika maagizo kama huyu.

Jepkoech aliharibika haraka. Alikonda, akawa hana hamu ya kula, midomo ikawa na rangi ya zambarau. Alhamisi moja Dalmas alimchoma sindano mara mbili kabla pumzi haijafunguka. Daktari alikunja uso, hakuelewa. Chelagat naye hakuelewa, ila alizidi kufunga dirisha, hata akaziba nyufa zake kwa matambara.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu umefunika laini yote, alimkuta mtoto amejikunja, kucha za bluu, jasho linamtiririka na hawezi kutamka neno. Alimbeba kifuani, mbio. Kutoka laini kwenda zahanati kulikuwa na njia mbili. Ya mkato ilikata katikati ya pareto, ikapita ubavuni mwa nyumba ya kukaushia. Ya pili ilizunguka chini, kwenye malisho ya ng'ombe, na ilikuwa ndefu. Chelagat alifika njia panda akasimama. Alikumbuka alivyoambiwa, asikaribie pareto hata kidogo. Akazunguka.

Dalmas aliwaona wakitokea kwenye ukungu, akakimbia kuwapokea na sindano mkononi. Mtoto alikuwa ameshakata roho, na mama yake alikuwa bado anakimbia.

Walimzika kando ya kaka yake. Wanawake wa laini walikuja, wakalia, wakapika, wakarudi kazini, maana bwana hakutoa siku zaidi ya ile moja. Chelagat alikaa ndani. Siku ya tatu alilitoa godoro nje ili alipigepige vumbi, si kwa sababu yoyote, mikono tu ilihitaji kufanya kitu. Aliliegemeza kwenye ukuta, akashika fimbo, akalipiga. Wingu la manjano likapanda, likaning'inia penye jua. Macho yake yakaanza kuwasha na kutiririka machozi, akadhani ni kilio.

Nyokabi, aliyeponyoka ndani kwao, alikuwa akicheza na vibuyu hatua chache kutoka hapo. Alikuja kuangalia, akasimama ndani ya vumbi lile, mdomo wazi, kama watoto wanavyofanya. Alipiga chafya, akapiga nyingine. Kisha akakaa chini, mikono kwenye magoti, mabega juu, na Chelagat akaisikia ile filimbi.

Alidondosha fimbo. Alimnyakua yule mtoto, akakimbia naye mpaka kwenye malisho, akamkalisha mahali penye upepo. Alikaa naye pale mpaka kifua kilipotulia, na muda wote huo alikuwa akirudia jambo moja kwa lugha yao, kwamba ni yeye, ni yeye, ni yeye aliyemfungia humo. Jua lilipozama alimwendea Wangui na kumwambia alichokiona. Wangui alimsikiliza huku akimenya viazi. Alimwambia kwa upole kwamba msiba unamchanganya mtu akili, na kwamba watoto wake watano wamelala hivyo. Lakini hakumtazama usoni, na kisu kilikuwa kimesimama.

Alhamisi iliyofuata akina mama wote waliitwa zahanati. Bwana alitaka shughuli hizo ziishe, mavuno yalikuwa yamekaribia kwisha, na daktari alikuwa na la kusema. Thuo alikuwa mlangoni, mahali pake pale pale. Daktari alivua kofia, akampa Chelagat pole kwanza, na ilionekana wazi kwamba ilimtoka moyoni. Kisha akaeleza. Watoto waliofungiwa nyumbani, alisema, hawakupata nafuu kuliko wale waliokwenda shambani. Wengine walizidi kuumwa. Na yule aliyelindwa kuliko wote, ambaye mama yake hakukosea hata siku moja, ndiye aliyefariki. Kwa hiyo ilimbidi akiri kwamba alikosea, kwamba pareto siyo inayowaua watoto hawa, na angetafuta sababu kwingine. Akina mama walikuwa huru kuwabeba watoto wao shambani, kuwalaza mahali popote, na wasiwe na hofu na pareto tena.

Akina mama walipumua. Wangui alimpakata Nyokabi vizuri zaidi na kutazama chini.

Chelagat aliinuka akatoka nje. Watu walidhani amekwenda kulia. Alirudi amejitwika godoro kichwani, akapita mbele ya Thuo bila kumwamkia, na kulishusha juu ya meza ya daktari, juu ya chupa zake na pamba zake. Alichukua makasi ya Dalmas yaliyokuwa mezani na kuukata mshono. Makapi yakamwagika mpaka sakafuni.

"Hakulindwa," alimwambia Dalmas. "Mwambie alilalia hii. Mwambie nilimfungia nayo ndani."

Dalmas alitafsiri, na sauti yake ilikuwa ndogo. Daktari alichota makapi kwa vidole, akayasugua, akayanusa. Alikaa kwenye kiti. Aliuliza neno moja tu, na Dalmas hakutaka kulitafsiri, lakini mwisho alilitafsiri: kwa nini hukuniambia?

Chelagat alinyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Uliniuliza huyu akisikiliza."

Daktari akawageukia akina mama wengine, akawauliza ni nani mwingine ana godoro kama hili, akamwambia Thuo atoke nje. Thuo akatoka, lakini alisimama dirishani. Akina mama waliangalia miguu yao. Hata Wangui hakufungua mdomo, na wala simlaumu, alikuwa na watoto watano na mume mpishi.

Bwana hakuchelewa. Kipkemei aliambiwa awe ameondoka kabla ya kengele ya asubuhi, na alibahatika kutofikishwa polisi. Daktari alikwenda nyumba kubwa kuwatetea, wakasikika wakipandishiana sauti, kisha gari lake likateremka kuelekea mjini na hakuruhusiwa kurudi.

Kulipopambazuka Chelagat alifungasha. Vilikuwa vitu vichache, sufuria, blanketi mbili, na ile ngozi, aliyoiteremsha kutoka kwenye boriti ikiwa na masizi ya miaka minne. Kikombe cha bati alikiacha kwenye rafu alipokikuta. Alikwenda kando ya uzio, akaweka kiganja juu ya kaburi moja, kisha juu ya lingine. Hakutegemea kurudi kuyaona, na hakurudi.

Walipokuwa wakipita nyuma ya nyumba za laini waliona moshi. Ulitoka kwenye ua baada ya ua, mweupe, mzito, wenye harufu ya pareto. Magunia yalikuwa yakiungua. Inawezekana wanawake walikuwa wanaogopa msako wa Thuo. Inawezekana walikuwa wanawaogopea watoto. Chelagat hakuuliza, wala mimi siwezi kukuambia.

Wangui alikuwa amesimama njiani, Nyokabi mgongoni, macho mekundu.

"Nimelichoma, Mama Jepkoech," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita kwa jina hilo tangu mazishi, na Chelagat alisimama. Akauliza mtoto amelalia nini usiku huo. Wangui alisema alimlaza chini, kwenye majani, na alikesha na kibatari akiwasaka papasi mmoja mmoja.

Chelagat akatua mzigo. Alifungua kamba, akaikunjua ngozi ya mama yake, akaikung'uta masizi, akamwonyesha Wangui namna ya kuiwamba juu ya miti minne ili isiguse sakafu, na namna ya kuianika juani kila siku. Mambo hayo yote aliyajua tangu kwao. Kulala chini ilikuwa ni desturi tu, hakuna aliyemkataza kuweka miti minne. Alieleza yote kwa utulivu mpaka mwisho. Ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe, akaishika ngozi ile kwa mikono miwili, na Kipkemei akalazimika kumfungua vidole kimoja kimoja ili Wangui aichukue.